Koyote na Plamu Zilizolazwa

Jumatatu, 16 Juni 2025

Miaka thelathini na mitatu na siku tisa tangu nitoke katika mji wetu wa kando ya mto Drina. Miaka ishirini na saba tangu tununue nyumba hii kusini mwa St. Louis.

Leo, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, koyote alipita katikati ya barabara yetu. Mwembamba, miguu mirefu, rangi ya nyasi kavu, mkia chini. Bweha wa nchi hii. Hakukimbia. Alipita kama mtu anayekwenda kazini.

Kurt Doerr, mwenyekiti wa chama cha mtaa, alimwona pia. Mchana akaja mlangoni.

"Nick," akasema, maana mtaa huu haukuwahi kujifunza jina langu, Nijaz, "wewe ulikuwa mwalimu wa jiografia. Usingizi huna, na dirisha lako linatazama barabara nzima. Tuandikie. Saa ngapi, nyumba namba ngapi, anatoka wapi, anakwenda wapi."

Nilikubali. Ninalo daftari jipya la mistari. Mke wangu, Tidža, alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

"Wamekupa cheo," akasema. "Usije ukadai na kofia."

Jumanne, 17 Juni

Mvua. Hakuna koyote.

Alhamisi, 19 Juni

Mkutano katika ukumbi wa kanisa la Kilutheri. Afisa wa wanyamapori, dada mmoja aitwaye Renata Boyce, alisimama mbele na kusema kwa ufupi, jambo ambalo ni adimu. Kwamba koyote yupo na atakuwapo. Kwamba miezi hii wana watoto, kwa hiyo wanathubutu. Ukikutana naye usimpe mgongo wala usikimbie: jifanye mkubwa, paza sauti, gonga sufuria, mmwagie maji, mpaka aondoke yeye. Mbwa mdogo asitoke peke yake, hata dakika mbili.

"Nina bunduki gereji," Kurt akasema. "Risasi moja, mjadala umekwisha."

"Risasi moja ndani ya mji, bwana, na mjadala utahamia mahakamani."

"Basi tumtege, tumpakie garini, tukamtupe mbali."

"Hairuhusiwi. Na ukimwondoa huyu, kesho atakuja mwenzake, kwa sababu meza bado imeandaliwa. Sumu usiitaje hata kwa mzaha. Atakayeila ni paka wa jirani. Tafuteni chakula kinatoka wapi. Mkikiondoa, wataondoka wenyewe." Kisha akauliza kwa zamu: nani mapipa yake ya taka hayafungiki? Nani analisha mbwa nje? Nani ana matunda yaliyoanguka chini?

Swali la mwisho, mikono miwili ilipanda. Wangu haukupanda.

Kando yangu alikaa jirani yetu wa uzio mmoja, Bi Verlene Stuckey, mjane, na mbwa wake Otto mapajani. Otto ni mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu, ana miaka kumi na minne, jicho moja limeingia ukungu. Wakati Boyce anauliza juu ya kulisha mbwa nje, Verlene alikuwa anamkuna Otto shingoni. Mkono wake nao haukupanda.

Jumapili, 22 Juni

Asim, mdogo wangu, alipiga simu. Chumba kimepakwa rangi, dirisha linatazama mto. Tiketi zetu ni za tarehe tatu Oktoba. Kwa miaka thelathini nilisema sirudi mpaka mtu fulani aje kuniomba radhi. Mwaka huu nimetimiza sabini na tisa, na mtu huyo haonekani kuwa na haraka.

"Usisahau vipandikizi, kaka," Asim akasema. "Huku haukubaki hata mti mmoja."

Miti ya plamu ya baba iliuawa na ugonjwa wa majani. Iliyobaki duniani ya mbegu ile ni mitatu, nayo iko nyuma ya nyumba hii. Mwaka 2000 mgeni mmoja aliniletea vijiti saba ndani ya bitana ya koti, vimefungwa kitambaa kibichi. Haikuwa halali, na ndiyo mara pekee nimevunja sheria ya nchi hii kwa kujua. Oktoba nitaivunja tena, kwa kuelekea upande wa pili.

Jumanne, 24 Juni

Nimekutana naye kwenye kona, hatua kumi na tano. Nilipandisha mikono juu na kupiga kelele kwa lugha yetu, maana matusi ya Kiingereza sikuyajua vizuri hata nilipokuwa kijana. Aliondoka. Saa moja kasoro tano. Nimeandika.

Ijumaa, 27 Juni

Mti wa mapema umeanza kudondosha. Nimetandika shuka za zamani.

Niandike jinsi inavyofanywa, kwa kuwa Amra, binti yetu, hajui na hataki kujua. Plamu ya kupikia pekmezi, jamu yetu nzito, haichumwi. Inaachwa mpaka ijidondoshe yenyewe, kisha inalazwa juu ya shuka chini ya mti wake usiku mbili, mpaka ngozi ikunjane kuzunguka kikonyo. Hapo ndipo inaingia sufuriani, bila sukari, na mwiko haupumziki mpaka iwe nyeusi na kusimama. Mama alisema plamu iliyovutwa kwa mkono inakasirika, na hasira haichemki ikaisha.

Otto amepita chini ya uzio, kwenye tundu lake la kila mwaka, akala plamu mbili na kulala juu ya shuka. Nilimwacha. Ni mgeni wa zamani.

Jumatano, 2 Julai

Kinyesi cha koyote karibu na kijito. Nilikichambua kwa kijiti: manyoya ya sungura, ganda la mende, kokwa kumi na moja za plamu. Bila shaka ni plamu mwitu za kijitoni.

Jumamosi, 5 Julai

Jana, sikukuu ya uhuru wa nchi hii, fataki mpaka saa sita usiku. Tidža alikaa bafuni na redio, kama kila mwaka. Koyote hakuonekana. Kwa jambo hilo tunafanana naye, na kwa hilo tu. Kurt aliniambia juzi, "Nawe ulitoka mbali, Nick, ndiyo maana unamwonea huruma mwenzako." Nilimjibu kwamba koyote hakutoka popote. Alikuwa hapa kabla ya babu yake Kurt kushuka melini.

Jumatatu, 7 Julai

Nimehesabu. Mara kumi na tisa ameonekana. Mara kumi na mbili kati ya hizo ilikuwa kati ya nyumba ya Verlene na yetu. Na leo asubuhi nililiona mwenyewe: bakuli la Otto kwenye kibaraza cha nyuma cha Verlene, limejaa, na Verlene hayupo.

Niliandika barua kwa ofisi ya Boyce. Ukurasa mmoja, mwandiko safi: tarehe, saa, nyumba namba 4717, bakuli la chakula nje, 7/7. Jina langu sikuweka, kwa kuwa hakuna aliyelidai.

Tidža aliisoma kabla sijaifunga.

"Hatua ishirini kutoka mlango wetu hadi wake," akasema. "Nenda ukabishe hodi. Mwambie, Verlene, mama, ondoa bakuli."

"Kuna taratibu."

"Slavko naye alikuwa na taratibu."

Sikuzungumza na Tidža mpaka jioni. Slavko alifundisha hesabu shuleni kwetu. Miaka kumi na minne tulikunywa kahawa meza moja. Majira ya kuchipua ya 1992 alikaa dirishani na daftari, akaandika nani anaingia nyumba gani, nani anatoka, saa ngapi. Vita ilipoanza, waliokuja na bunduki walikuja na karatasi yake mkononi. Kaka wawili wa Tidža walikuwa kwenye karatasi ile. Hadi leo hatujui walipolazwa.

Ndiye ninayemsubiri aombe radhi. Kumtaja mtu huyo kwa ajili ya bakuli la mbwa ni kukosa vipimo. Nilimwambia hivyo. Barua niliituma.

Jumanne, 8 Julai

Joto. Plamu zinadondoka vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Boyce alikuja kwa Verlene asubuhi, akampa onyo la maandishi. Safari ya pili itakuwa faini. Mchana Verlene alikuja kwenye uzio, karatasi mkononi, na Otto akinusa viatu vyake.

"Nick, umesikia? Eti nawalisha koyote. Mimi! Namlisha Otto nje kwa sababu Otto ni mzee na hali mpaka upepo umguse pua. Toka Harold afe anakula nje. Sasa niambie, utamweleza vipi mbwa wa miaka kumi na minne kwamba serikali imebadilisha meza yake?"

"Atazoea," nikasema.

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Wewe ulizoea?" akauliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwaka 1998, wiki yetu ya kwanza hapa, baridi ilipopasua bomba letu, Verlene aliingia bila hodi na koti la Harold, mumewe, akashuka chini ya nyumba, akafunga maji, akatuonyesha jinsi ya kuacha bomba lidondoke usiku. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza kama tuna soksi.

Alhamisi, 17 Julai

Mara mbili kwa siku moja. Saa kumi na mbili kamili na saa kumi na mbili na nusu jioni. Inashangaza.

Jumatano, 23 Julai

Bakuli halipo tena kibarazani. Koyote wapo. Wawili.

Jumanne, 29 Julai

Otto anakonda. Verlene anasema hataki kula jikoni. Anaisogelea sahani, anageuka, anakwenda kukaa mlangoni. Huku kwetu anakula. Leo niliona amekula plamu sita. Nilifurahi, kusema kweli. Niliona kama ninalipa kitu.

Ijumaa, 1 Agosti

Miti miwili ya baadaye imeanza. Nimetandika shuka nne.

Alhamisi, 7 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja kasoro dakika kumi jioni, jua bado juu ya paa la Kurt, nilikuwa ukumbini nasoma. Nilisikia sauti moja, fupi, kama mlango usiotiwa mafuta. Nilitazama nje, upande wa nyuma. Koyote walikuwa wawili chini ya mti wa katikati. Mmoja alikuwa anakula plamu kwenye shuka, taratibu, anachagua zilizokunjana. Mwingine alikuwa amemshika Otto shingoni.

Nilichukua sufuria na mwiko, nikatoka. Nilifanya yote niliyofundishwa. Sikukimbia. Nilijifanya mkubwa. Niligonga, nilipiga kelele. Tidža alitoka nyuma yangu na mpira wa maji, akawamwagia usoni, akiwatukana mpaka kizazi cha tatu. Yule wa plamu alikwenda kwanza. Wa pili alimburuta Otto hatua tatu, nne, akamwachia, akaruka uzio.

Otto alikuwa mwepesi. Sikujua kwamba alikuwa mwepesi kiasi kile. Mdomoni alikuwa bado na kipande cha plamu.

Verlene alitokea mlangoni kwake anapangusa mikono na taulo.

"Nick na masufuria yake!" alisema kwa sauti, anacheka. "Leo umempata nani?"

Kisha akaona nilichoshika.

Hakulia. Alimpokea, akamfunga kwa lile taulo, akaingia ndani. Aliufunga mlango polepole, kama katika nyumba yenye mtoto aliyelala.

Ijumaa, 8 Agosti

Boyce alikuja saa tatu. Alipiga picha tundu la uzio. Kisha akasimama mbele ya shuka zangu.

"Bwana mkubwa, hizi ni nini?"

"Plamu."

"Naziona. Zinafanya nini chini?"

Nilimweleza. Usiku mbili, ngozi, kikonyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ambayo ilikuwa mbaya kuliko kufokewa.

"Niliuliza kanisani nani ana matunda chini."

"Uliuliza yaliyoanguka. Yaliyoanguka ni uchafu. Haya yamelazwa."

Nilijisikia nikisema hivyo, mtu mzima wa miaka sabini na tisa.

Alifungua mfuko wa karatasi, akamwaga kiganjani kokwa zilizokaushwa. "Nimezikusanya mtaa mzima tangu Juni. Nilidhani ni za mwitu. Lakini za mwitu ni ndogo, za mviringo." Aliokota plamu moja shukani, akaipasua, akaweka kokwa yake kando ya zile. Ndefu, bapa, ncha mbili. Zote ndefu, bapa, ncha mbili.

Mimi nilikuwa nimeziona tarehe mbili Julai. Kumi na moja. Nilizihesabu lakini sikuzitazama.

"Bakuli la yule mama je?" nikauliza.

"Lilikuwa kosa dogo. Koyote mmoja angelilamba mara moja kwa wiki. Huku kwako ilikuwa karamu. Otto alikuwa anakula nje, kibarazani, mama yake yuko jikoni anamwona kupitia kioo. Bakuli lilipoondoka akafuata chakula kilipo."

Aliniandikia onyo. Kila tunda liokotwe asubuhi na jioni, au lichumwe bivu likiwa mtini. Tundu lizibwe. Miti haihitaji kukatwa. "Wiki mbili," akasema, "na hutawaona."

Jumamosi, 9 Agosti

Kurt alikuja kudai daftari. Anataka saa, ili rafiki yake mwenye upinde akae pale daftari linaposema. Nilikataa.

"Tulikupa kazi moja, Nick," akasema. "Moja."

Ana haki zaidi kuliko anavyojua. Nilipofunga mlango nililichana daftari lile la koyote ukurasa kwa ukurasa, nikaloweka vipande kwenye ndoo.

Jumapili, 10 Agosti

Hatua ishirini. Nilibisha hodi.

Verlene alinikaribisha jikoni. Sahani ya Otto ilikuwa bado sakafuni, imejaa.

"Nimekuja kukuambia juu ya plamu," nikaanza.

"Boyce ameshaniambia."

"Na juu ya barua."

"Kaa kwanza."

Nilikaa. Alitoa nakala ya barua kwenye droo, akaiweka mezani, akaweka kidole juu ya namba ya nyumba yake.

"Miaka ishirini na saba unaniandikia kadi ya Krismasi, Nick, na Krismasi si sikukuu yako. Mtaa mzima hakuna mwingine anayeandika namba saba hivi, na kistari tumboni kama mkanda. Boyce aliponipa karatasi hii nilikujua kabla sijavaa miwani."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilikuja uzioni siku ile ile. Nilikusubiri useme."

"Na bado ulimwacha Otto aje kwangu."

"Otto hakuandikiwa barua. Kosa lako kwangu lilikuwa kati yako na mimi." Akaipindua karatasi. "Nikasema, ana woga huyu. Atakuja. Leo, kesho."

Nikasema neno ambalo ningelipa chochote lisingetoka. "Verlene, mimi niliandika saa tu."

"Na namba yangu," akasema.

Hakunifukuza. Alisimama, akamwaga chakula cha sahani kwenye pipa, akaiosha, akaipangusa, akaiweka kabatini pamoja na sahani nyingine. Nilitoka.

Jumatatu, 11 Agosti

Plamu kilo tisa, kwa mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Kilo saba. Mgongo.

Jumapili, 17 Agosti

Asim alipiga simu mapema.

"Kaka, Slavko amekufa. Tumemsoma kwenye matangazo ya vifo, mlango wa manispaa."

Nilikaa chini.

"Sikukuambia, lakini mwaka jana alinisimamisha sokoni. Mzee, fimbo mkononi. Akauliza habari zako, kama unaona vizuri, kama bado unasoma. Akasema, 'Mwambie Nijaz sikumgusa mtu. Niliandika saa tu. Saa na namba za nyumba.' Nikamtemea mate karibu na kiatu, nikaondoka. Nilifanya vibaya?"

"Hapana," nikasema. "Ulifanya vizuri."

"Basi hakuna tena wa kumsubiri. Njoo nyumbani."

Watu wawili na mbwa mmoja si uzani mmoja. Nimefundisha vipimo maisha yangu yote, na asiniambie mtu kwamba ni sawa. Si sawa. Lakini sentensi ni ile ile, neno kwa neno, na mdomo wangu uliipata bila kufundishwa na yeyote.

Nilimweleza Tidža. Nilitaraji anikumbushe aliyosema tarehe saba Julai. Hakunikumbusha. Alisema tu, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akanimenyea tufaha, akaniwekea vipande mkononi kimoja kimoja.

Jumamosi, 23 Agosti

Wiki mbili na siku moja. Koyote hawajaonekana. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo: ndoo mbili, asubuhi na jioni.

Jumatano, 27 Agosti

Tumepika. Plamu za kuchumwa kwa mkono. Kwa saa tisa nzima mwiko haukupumzika, na pekmezi haikusimama. Ni nyepesi, nyekundu, na ina ukali nyuma ya ulimi. Mama alisema kweli.

Nilipeleka chupa moja kwa Verlene. Alionja kwa kijiko, mlangoni, bila kunikaribisha.

"Ni chachu," akasema.

"Ndiyo."

"Kila mwaka ilikuwa tamu."

"Kila mwaka ilikuwa inalazwa chini."

Alifunga kifuniko, akabaki na chupa mkononi. Mlango ulipokuwa unafungwa akasema, bila kunitazama, "Jana jioni hukuokota upande wa kwangu. Kuna tatu chini ya uzio."

Nilikwenda kuokota. Zilikuwa tatu.

Jumapili, 31 Agosti

Nimempigia Asim. Tidža atakwenda Oktoba, atasimama mahali anapodhani kaka zake walipo, na atarudi kabla ya theluji. Vipandikizi atavibeba yeye, kwenye bitana ya koti. Mwenyewe amesema hakuna afisa atakayempekua bibi kizee. Kimoja wakipande chini ya dirisha la kile chumba. Nimemwambia Asim plamu wazichume kwa mkono au wazilaze, wenyewe watajua; huko hakuna koyote.

"Na wewe, kaka?" akauliza. "Aliyekuwa anakuzuia amekufa."

Nilimwambia nina ndoo mbili, asubuhi na jioni, mpaka mti wa mwisho uishe, na mwakani tena. Akasema hiyo si sababu. Labda si sababu. Kwa miaka thelathini na mitatu nilikuwa na sababu nzuri sana: upande ule kulikuwa na mtu aliyeandika, upande huu mtu aliyeandikwa. Sasa upande huu nao una aliyeandika.

Jioni nimeokota kumi na nne. Tiketi yangu nimeifuta. Sitarudi.